Mtoto Akilia Ndani ya Ndege, Nani wa Kulaumiwa?



Kila mwaka ifikapo likizo ya Desemba, familia nyingi nchini hufunga safari. Wengine hupanda basi za usiku kwenda Mombasa, Kisumu au Busia. Tangu mwaka 2017 wengine hupanda treni ya reli mpya kwenda Pwani. Na siku hizi si ajabu kumwona mama mwenye mtoto mgongoni akipanga foleni katika uwanja wa ndege. Zamani ndege ilikuwa chombo cha mawaziri, wafanyabiashara na watalii. Leo wengi wetu tuna dada Ujerumani, shemeji Marekani au mtoto anayefanya kazi katika nchi za Ghuba, na harusi na mazishi hayangoji mtoto afikishe miaka 5.

Basi limezuka swali ambalo wazazi hulizungumza kwa minong'ono, na ambalo abiria wengine hulisema kwa sauti: Je, ni haki kumpandisha ndege mtoto mchanga, au mtoto mdogo mwenye kelele, wakati mna hakika kwamba atawasumbua watu 100 na zaidi ambao hawana mahali pa kukimbilia?

Ukidhani kwamba hili ni swali dogo la watu wenye pesa, ngoja kidogo. Ndani yake mna maswali makubwa. Jirani ana haki gani juu yetu? Mtoto ni wa nani? Na inapotokea shida isiyo na mkosaji, mume na mke hufanyaje? Hebu tutafakari pamoja, hatua kwa hatua.

Wanaolalamika wana hoja

Kwanza tuwasikilize wanaolalamika, kwa maana haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Wao husema hivi: Kanisani mtoto akilia, mama hutoka nje kidogo. Katika matatu kelele zikizidi, abiria anaweza kushuka kituo kinachofuata. Lakini angani hakuna mlango wa kutokea. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, ilipoanza mwaka 2018, ilichukua karibu saa 15. Mtu aliyeketi mbele ya mtoto anayelia huvumilia kwa lazima, si kwa hiari yake.

Tena husema: hujui jirani yako anatoka wapi. Huenda anarudi kumzika mama yake na hajalala siku mbili. Huenda ni mgonjwa anayekwenda India kwa matibabu. Huenda ni daktari anayeingia zamu mara tu atakaposhuka. Je, hao nao si watoto wa Mungu? Mbona huruma yote apewe mama mwenye mtoto?

Hoja hizi si za kudharauliwa. Mkristo hawezi kusema, "Nina mtoto, basi nyinyi wengine mtajua wenyewe." Kuwa mzazi hakumwondolei mtu amri ya kumpenda jirani. Yeyote anayesafiri na mtoto akikataa hata kufikiria usingizi wa wengine, huyo amekwisha kosea kabla mtoto hajafungua kinywa.

Kwa nini mtoto hulia angani?

Hata hivyo, kabla ya kutoa hukumu yatupasa kuujua ukweli. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa, mwili ukahisi kana kwamba uko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ikianza kushuka, nguvu ya hewa huongezeka tena na kukisukuma kiwambo cha sikio kwa ndani. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo. Mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo hufunguka, na maumivu hutoweka. Mtoto mchanga mrija wake ni mwembamba zaidi, naye hajui kumeza kwa kusudi. Anachojua ni kulia. Na kule kulia kwenyewe huenda kukamsaidia kuufungua mrija huo.

Sisi wa Kenya tuna jambo letu la kuangalia hapa. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hali ule wa Moi, Mombasa, uko chini karibu na bahari. Kwa hiyo mtoto anayetoka Nairobi kwenda Mombasa masikio yake hupata mabadiliko makubwa wakati wa kushuka, kuliko yule anayetoka Mombasa kuja Nairobi. Mzazi akishangaa kwa nini mtoto alilia sana wakati wa kwenda na akatulia wakati wa kurudi, sababu yaweza kuwa hiyo tu. Si ukaidi, wala si mapepo, wala si kwamba mama hajui kulea.

Haya tunayasema kwa sababu yanagusa moja kwa moja swali letu la haki. Kosa huhitaji mtu anayejua na kutaka. Mtoto wa miezi 7 hajui wala hataki. Anaumwa, na ameitumia njia pekee aliyopewa na Muumba ya kusema, "Naumwa." Kumkasirikia ni sawa na kumkasirikia mgonjwa kwa kukohoa.

Je, tiketi hununua ukimya?

"Lakini mimi nimelipa nauli yangu yote," atasema abiria. "Yule mtoto amelipiwa kidogo tu." Ni kweli kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na katika safari za kimataifa mara nyingi wazazi hulipa karibu asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Lakini tuulize: ulipolipa nauli ulinunua nini? Ulinunua kiti, mkanda, chakula pengine, na ahadi ya kufikishwa salama. Hukununua ukimya, kwa sababu hakuna aliyekuuzia. Na heshima ya mtu haipimwi kwa nauli. Katika matatu zetu mtoto anayepakatwa halipi hata shilingi moja, lakini hakuna kondakta anayesema kwamba kwa hiyo mtoto huyo si mtu.

Tazama pia jambo moja la ajabu. Wakenya wale wale ambao katika basi humpokea mtoto wa mama wasiyemjua, wakampakata kutoka Nakuru hadi Eldoret huku mama akipanga mizigo, wakiingia ndani ya ndege hubadilika. Wananyamaza, wanatazama mbele, wanavuta pumzi kwa hasira. Mtoto hajabadilika, ni yule yule. Kilichobadilika ni bei ya tiketi. Yafaa tujiulize kama fedha zimetununulia nafasi ya kuketi kwa starehe, au zimetunyang'anya desturi njema tuliyolelewa nayo.

Mashirika kadhaa ya ndege yamejaribu kulitatua jambo hili kwa kupanga viti. Mwaka 2011 shirika la Malaysia lilijulikana kwa kutowapokea watoto wachanga katika daraja la kwanza la ndege zake za Boeing 747. Mwaka 2013 AirAsia X ilianza kutenga safu za viti ambazo hazikaliwi na watoto wadogo. Mwaka 2019 Japan Airlines ilianza kuwaonyesha abiria, wakati wa kuchagua kiti, mahali watakapoketi watoto walio chini ya miaka 2. Na mwaka 2023 Corendon ilitenga sehemu ya watu wazima peke yao katika safari za kutoka Amsterdam kwenda Curaçao.

Je, hayo ni mabaya? Hapa tupambanue. Kupanga viti ili anayehitaji usingizi akae mbali na wenye watoto, huku kila mmoja akipata nafasi ya kusafiri, si dhambi. Ni utaratibu, kama vile msimamizi wa hospitali anavyoweza kutenga wodi ya watoto. Lakini kuna mpaka. Siku watu watakaposema, "Ndege hii haipandwi na watoto kabisa," tutakuwa tumetoka katika utaratibu na kuingia katika kuwatenga watu. Maana ukimkataa mtoto wa miezi 7, umemkataa na mama anayemnyonyesha. Mama huyo hatakwenda kumzika baba yake. Bibi aliyeko kijijini hatamwona mjukuu wake mpaka awe mkubwa, na pengine hatamwona kamwe. Mzigo wote utawaangukia wanawake, na hasa wale waliokubali kupokea uhai kwa moyo mkunjufu. Jamii inayosema inawapenda watoto, lakini haitaki kuwasikia, haiwapendi bado.

Injili nayo inatukumbusha jambo hili. Wanafunzi wa Bwana walipowazuia waliowaleta watoto wadogo, wao walidhani wanafanya utaratibu mzuri. Walifikiri Mwalimu anahitaji utulivu. Yesu alichukizwa na wanafunzi, si na watoto. Na Baba Mtakatifu Fransisko, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina mwezi wa Januari 2014, aliwaambia akina mama wasione haya kuwanyonyesha watoto pale pale kama wana njaa. Ikiwa kilio cha mtoto hakikuwa aibu mahali pale, kwa nini kiwe aibu katika kiti cha 27B?

Kulia si sawa na utundu

Hata hivyo wazazi wasishangilie mapema. Tuliyosema juu ya mtoto mchanga hayamhusu kila mtoto. Mtoto wa miaka 4 anayepiga teke kiti cha mbele tangu ndege ipae mpaka itue, haumwi masikio. Mtoto wa miaka 6 anayekimbia njiani akigonga kikombe cha kahawa cha mzee, huyo anajua afanyalo. Na zaidi ya hao, mtoto anayetazama katuni kwenye simu kwa sauti ya juu bila vipokea sauti vya masikioni, hapo mwenye kelele si mtoto bali ni mzazi aliyempa simu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na sisi twaongeza: na babaye pia. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kumfundisha mtoto kungoja si kumnyima anachotaka, bali ni kumsaidia awe bwana wa tamaa zake. Somo hilo halianzi ndani ya ndege. Huanzia mezani nyumbani, huendelea katika Misa ya Jumapili na katika jumuiya, mtoto anapojifunza kwamba kuna wakati wa kucheza na wakati wa kutulia. Mzazi ambaye hajawahi kumwambia mtoto "ngoja" akiwa nyumbani, asitegemee kwamba neno hilo litasikika angani.

Kwa hiyo tumefika kwenye kanuni inayoweza kutuongoza: mzazi anadaiwa bidii, hadaiwi ukimya. Jirani ana haki ya kuona kwamba unajitahidi: umembeba mtoto, umembadilisha nepi, umemwimbia polepole, umemkataza mkubwa kupiga kiti. Hana haki ya kukudai kwamba jitihada zako lazima zifaulu, kwa sababu kufaulu hakumo mikononi mwako.

"Pole" na "samahani"

Kuna wazazi katika nchi za ng'ambo ambao huwagawia abiria jirani vifurushi vya peremende na vizibo vya masikio kabla ya ndege kupaa, pamoja na kibarua cha kuomba radhi. Nia yao ni njema. Hatuwacheki. Lakini tunauliza: je, mzazi anapaswa kulipa faini kwa sababu ana mtoto?

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima hapa. Tunayo maneno mawili, "samahani" na "pole". Samahani husemwa na mkosaji kwa aliyekosewa. Pole husemwa na mtu yeyote kwa yeyote aliyepatwa na jambo, hata kama msemaji hana hatia. Mtu akijikwaa barabarani twamwambia pole, ingawa si sisi tulioweka jiwe.

Basi mzazi ambaye mtoto wake mchanga analia, aseme kwa jirani zake, "Poleni." Hakiri kosa, bali anaonyesha kwamba ameona taabu yao. Na jirani naye amjibu, "Pole na wewe, mama." Hayo maneno mawili hayanyamazishi mtoto. Lakini huondoa ile hali ya watu kuwa maadui katika chumba kimoja. Lakini mzazi ambaye mtoto wake wa miaka 6 amemwaga kahawa ya mzee, huyo aseme, "Samahani," na mtoto aseme naye, kwa maana hapo kosa lipo. Mtoto akisikia wazazi wake wakitumia kila neno mahali pake, atajifunza kupambanua bahati mbaya na kosa. Hilo ni somo la dhamiri, na wengi wetu watu wazima hatujalimaliza.

"Mtoto wako" na "mtoto wetu"

Sasa tufike penye jeraha lenyewe, kwa sababu ukurasa huu ni wa ndoa.

Mara nyingi abiria wa kiti cha nyuma si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kile kinachotokea kati ya mume na mke. Mtoto anaanza kulia. Watu wanageuka. Mume anaona haya. Anamwegemea mke wake na kusema kwa sauti ya chini yenye ukali, "Mnyamazishe mtoto wako." Angalia neno hilo: wako. Asubuhi ile uwanjani, wakati mtoto alipokuwa akicheka na afisa wa uhamiaji akamsifu, alikuwa "mtoto wetu", pengine hata "mtoto wangu". Dakika 40 baadaye amekuwa wa mama peke yake.

Au mume hasemi neno. Anavaa vipokea sauti masikioni, anafumba macho. Au, kama viti vyao vimetengana, anashukuru Mungu kimoyomoyo na haji kuuliza hali mpaka ndege itue. Naye mke, akiwa amechoka, mkono umekufa ganzi, blauzi imelowa maziwa, hasemi chochote. Lakini hasahau. Miaka 10 baadaye, katika ugomvi juu ya jambo jingine kabisa, atasema, "Hata siku ile ndani ya ndege uliniacha." Na mume atashangaa, maana yeye hakumbuki siku hiyo.

Si wanaume peke yao wenye kosa. Wapo akina mama ambao mume akinyosha mikono kumchukua mtoto husema mbele za watu, "Wewe humjui huyu, utamliza zaidi." Akiambiwa hivyo mara 3, mume huacha kunyosha mikono. Baadaye mke hulalamika kwamba hasaidiwi.

Kwa nini twafanya hivyo? Kwa sababu taabu isiyo na mkosaji hutushinda kuivumilia. Tungependa apatikane mtu wa kulaumiwa, na aliye karibu zaidi ni mwenzi wetu. Lakini kiapo cha ndoa kilikuwa cha nyakati za raha na za taabu, na taabu nyingi za ndoa hazina mkosaji: ugonjwa, mvua kukosekana, kazi kwisha, mtoto kulia saa 8 usiku. Wanandoa wanaojua kubeba pamoja jambo lisilo na mkosaji wataweza kubeba mengi. Wanaozoea kutafutana makosa wataona kwamba hata saa moja kutoka Nairobi hadi Mombasa ni ndefu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Yosefu, mume wa Maria, aliondoka usiku pamoja na mama na mtoto kwenda Misri. Maandiko hayatuambii kama mtoto alilia njiani, wala hatuna haja ya kubuni. Yanatuambia kwamba aliwachukua wote wawili akaenda nao. Hakumwachia Maria mtoto. Baba anayesimama na kutembea njiani ndani ya ndege akiwa na mtoto begani, mbele ya macho ya watu wote, anafanya kazi ya Yosefu. Asione haya.

Jaribu moja la kuepukwa

Kuna ushauri unaopitishwa kati ya wazazi: "Mpe dawa kidogo ya mafua alale." Dawa kadhaa za mafua na za mizio huleta usingizi, ndiyo. Lakini wataalamu wa watoto huonya wazazi wasizitumie kwa kusudi hilo. Kwa mtoto mdogo kipimo kikizidi ni hatari kwa kupumua kwake, na watoto wengine badala ya kulala huchangamka na kulia zaidi.

Licha ya hatari, liko swali la maadili. Dawa hutolewa kwa faida ya anayeinywa. Ukimnywesha mtoto asiye mgonjwa ili watu wengine wapumzike, umemfanya chombo cha starehe ya wengine. Mtoto hakukubali, wala hawezi kukubali. Heri wageni 100 wavumilie kelele kuliko mtoto mmoja kuhatarishwa ili sisi tusione haya.

Je, safari hii ni ya lazima?

Busara nayo ina nafasi yake. Si kila safari tunayoweza kuilipia yafaa kufanywa. Mtoto mwenye mafua makali au anayeumwa sikio apelekwe kwanza kwa daktari, kwa sababu kushuka kwa ndege kutamtesa. Mtoto wa siku chache tu asisafirishwe bila shauri la daktari. Na kama safari ni ya anasa tu, na mnaweza kuingoja miezi 6, hakuna ubaya kuingoja.

Lakini asikulazimishe mtu kuthibitisha mbele ya umma kwamba safari yako ni ya lazima. Harusi ya ndugu, mazishi ya mzazi, baba anayefanya kazi ughaibuni na hajamwona mtoto wake tangu azaliwe: hizo ni sababu zinazotosha. Hata mapumziko ya familia yaliyowekewa akiba miaka 2 ni jambo jema. Uamuzi ni wa baba na mama, wakishauriana kwa utulivu nyumbani, wakiwafikiria mtoto kwanza, kisha jirani, na mwisho starehe yao.

Neno kwa anayeketi karibu

Nawe ndugu uliyepangiwa kiti karibu na mtoto, tuna neno kwako pia, maana wengi wenu ni wazazi ambao watoto wenu wamekwisha kua na mmesahau.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 na kutangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, ameandika kwamba wakati wa sala ya jioni aliketi mbele ya mtawa mmoja aliyekuwa na mazoea ya kutoa kelele ndogo ya kuudhi. Alitamani sana kugeuka amtazame, ili mwenzake ajue kwamba anasumbua. Hakugeuka. Mwishowe aliamua kuisikiliza ile kelele kana kwamba ni muziki mzuri, akamtolea Yesu sala hiyo. Tunaposoma habari hiyo twaiona ndogo. Tukiwa ndani ya ndege, saa ya 5 ya safari, twaiona kubwa.

Angalia kwamba kile alichokataa Teresa ni jicho tu: kugeuka na kutazama. Huenda hutaweza kumsaidia mama yule kwa lolote, lakini unaweza kujizuia usimgeukie kwa jicho kali. Na kama unaweza zaidi, mshikie mfuko, au mchekeshe mtoto kidogo. Wewe pia ulibebwa, na kuna mtu usiyemjua aliyekuvumilia.

Mambo ya kukumbuka

Kwa wale wanaojitayarisha kusafiri, haya yanaweza kusaidia:

1. Mnyonyesheni mtoto au mpeni chupa wakati ndege inapopaa, na zaidi sana inapoanza kushuka, yaani kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Kumeza ndiko kunakofungua masikio. Mkubwa apewe maji anywe kidogo kidogo.

2. Kama mna safari ndefu, ulizeni mapema kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya viti. Ni vichache, na hupewa waliotangulia kuomba.

3. Ombeni kuketi pamoja. Mkitengwa, pangeni zamu kabla ya kupanda: saa moja mama, saa moja baba.

4. Chukueni nguo za kubadilisha za mtoto, na za mzazi pia. Msisahau leso ya mama: harufu yake humtuliza mtoto.

5. Afikishapo miaka 3, mwelezeni mtoto mapema kuhusu mkanda, kiti cha mbele na sauti ya chini. Mfanyieni mazoezi nyumbani kwa mchezo.

6. Kubalianeni kabla ya safari kwamba hakuna atakayemwambia mwenzake "mtoto wako".

Maswali ya kuzungumzia jioni

Wapendwa, leo jioni, watoto wakiisha kulala, ketini pamoja mjiulize maswali haya: Mtoto wetu anapotuaibisha mbele za watu, mimi husimama upande wa nani? Je, kuna safari, Misa au siku fulani ambapo uliona nimekuacha peke yako? Je, watoto wetu wamejifunza neno "ngoja"? Na mara ya mwisho tulipomwona mzazi mgeni akihangaika na mtoto, tulimgeukia kwa jicho gani?

Msijibu kwa haraka. Mwenzako akikutajia siku usiyoikumbuka, usibishe. Msikilize mpaka amalize.

Mungu aliyetukabidhi watoto wetu wakiwa wanalia, na si wakiwa kimya, awajalie subira katika safari zenu zote, na awafikishe salama. Amina.